Papa Hana Papara

Mlango wa binti yake ulikuwa umefungwa kwa ndani tangu jioni, na sasa ilikuwa yapata saa nane za usiku. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni alichokiburuta hadi kwenye ujia, magoti yake yakikaribia kugusa ubao. Hakubisha tena. Alikuwa amebisha mara tatu kabla ya kula na mara mbili baada ya kula, hadi mumewe akamwambia kutoka kitandani, "Mke wangu, huo ni mlango, si ngoma."

"Sibishi. Nagusa tu."

"Basi gusa kimya kimya. Wengine tunaamkia tanuri."

Mume alikuwa mwoka mikate, mtu wa kutoka nyumbani saa kumi alfajiri, na usingizi wake ulikuwa mzito kama unga uliokandwa. Haikupita dakika mbili akaanza kukoroma. Mama akabaki na taa ya ujia, saa ya ukutani na mlango.

Alikuwa anangoja simu. Si simu yake. Simu ya binti, iliyokuwa humo ndani na mwenyewe. Watu wa jumba la makumbusho walikuwa wamesema watampigia kila mwombaji kabla ya saa tatu asubuhi, wamwambie kama amepata kazi au amekosa. Kwa hiyo hakukuwa na simu ya kulia saa nane za usiku, na mama alilijua hilo vizuri. Lakini mtu mwenye roho juu juu hasikilizi saa. Kila gari lililopita barabarani lilimfanya ainue shingo. Kila ubao wa dari ulipolia kwa baridi, moyo ulimpapa.

Na kilichomkosesha usingizi hasa hakikuwa ile simu. Ni kwamba binti akikosa kazi hii, atakayekuwa amemkosesha ni yeye mama mtu, kwa neno moja la silabi mbili.

*

Katika karakana ya milango alikofanya kazi kwa miaka kumi na tisa, wenzake walimwita Bi Msasa. Misumeno na randa vilikuwa vya wengine. Yeye aliletewa mlango ukiwa umekwisha kuungwa, una vinyweleo vinavyochoma kama miiba ya samaki, akaurudisha ukiwa laini kama shavu. Msasa mkali kwanza, halafu wa kati, halafu ule mwororo ambao ukiupitisha kwenye ukucha husikii kitu. Mashine ya kupigia msasa ilikuwepo, ikinguruma kutwa kama nyuki waliotukanwa, ila kwenye kona na mapindo fundi mkuu hakuiamini.

"Mpeni Bi Msasa," alikuwa akisema. "Mkono wake una macho."

Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na kipande cha ngozi kikavu, ukubwa wa kiganja, rangi ya jivu. Alikirithi kwa baba yake, naye seremala, aliyelainisha mbao kwa ngozi hiyo siku ambazo msasa wa karatasi ulikuwa haupatikani. Ngozi ya papa ina tabia yake. Ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, inateleza kama hariri. Ukirudi kinyume, inakukwaruza hadi damu. "Usilaumu ngozi," baba yake alimwambia siku ya kwanza alipojikwaruza. "Laumu mkono wako. Umeingilia upande usiokuhusu."

Na mbao nyingi za pale zilikuwa za paini. Paini ni ubao mwepesi, mweupe, mnyenyekevu, lakini una vifundo, na vifundo vya paini vina kinyongo. Unaweza kuupiga msasa, ukaupaka rangi, ukautundika nyumbani kwa watu, na mwaka wa tatu kifundo kikaamka na kutoa utomvu. Mlango huu wa chumba cha binti ulikuwa wa paini, mama aliununua karakanani kwa bei ya wafanyakazi na kuulainisha kwa mkono wake. Ulikuwa na kifundo kimoja chenye umbo la jicho, na kila joto lilipozidi kilidondosha tone la rangi ya asali. Usiku huu, akiwa kwenye kigoda, jicho lile lilikuwa sawasawa na macho yake. Wakatazamana.

Basi papa na paini walikuwa wakikutana mkononi mwake kila siku ya kazi. Hakuwahi kuota kwamba siku moja watakutana mdomoni mwa mwanawe, mbele ya watu, na yeye awepo kuwavuruga.

*

Binti alianza kukwama kwenye maneno akiwa na miaka minne. Kigugumizi kiliingia nyumbani kama mgeni wa siku mbili, kikaweka mizigo chini, kikakaa. Maneno mengine yalipita bila shida. Mengine yaligoma. Na lililogoma kuliko yote ni neno lolote lenye "pa". Midomo ilifunga, shavu likajaa, macho yakatafuta dari, na sauti ikatoka vipande vipande: pa, pa, pa. Watoto wa mtaani, ambao hawana huruma wala hawana kazi, wakapata jina siku hiyo hiyo.

"Papa! We Papa! Njoo tukuvue!"

"Msimguse, atawang'ata!"

"Atang'ataje? Mpaka amalize kufungua mdomo tumeshafika kwetu!"

Mama aliwafukuza kwa ufagio. Akaapa kwamba jina lile halitatamkwa ndani ya nyumba yake, na hakulitamka. Hata samaki mwenyewe alimwita "yule mkubwa wa baharini". Hata kipande cha mfukoni alikiita "ngozi ya baba".

Halafu akafanya jambo ambalo kila mama mwenye wasiwasi angelifanya. Akaanza kumalizia. Binti akisema, "Mama, nataka pa—", yeye alikwisha sema, "Pasi, hii hapa." Dukani binti akifungua mdomo, yeye nyuma yake alikwisha taja sukari na sabuni. Simu ya binti ikilia, binti aliinyoosha tu, kama mtu anayempa mwenzake mzigo, na mama alisema, "Haloo, mimi mama yake." Aliisoma ile midomo kuliko alivyosoma maandishi, maana shule aliiacha darasa la sita. Alijivunia. Alijiona daraja.

"Unamsaidia sana," mumewe alimwambia mara moja, akikata mkate.

"Sasa nisimsaidie?"

"Nimesema sana. Sikusema vibaya." Na akaendelea kukata mkate.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la binti lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho. Katika ukumbi wa chini kulikuwa na sanamu ya papa mrefu kuliko meza mbili, ametundikwa kwa waya, na chini yake, nyuma ya kamba, kulikuwa na kipande cha gogo la paini, kimelazwa kama meza ya duara, miviringo yake myembamba kama nyuzi. Wanafunzi wengine walipita mbio. Binti alibaki hadi mwalimu akarudi kumtafuta. Jioni alimkuta mama jikoni, akaanza sentensi, na kwa mara ya kwanza akainua kiganja kumzuia asiimalizie. Chai ilipoa wakati akiisema.

"Mama. Yule pa... pa... papa hana pa... papara."

Akacheka mwenyewe. Mama naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa na kitetemeko, maana neno lililokatazwa lilikuwa limeingia ndani, na aliyelileta ni yule yule aliyetaniwa nalo.

Tangu siku hiyo binti alikuwa mtu wa makumbusho. Siku ya kuingia bure alikuwepo. Walinzi walimzoea. Alisoma kila kibao, akatafuta vitabu, akawa anajua mambo ambayo mama aliyasikiliza akiwa anachambua mchele, nusu akisikia, nusu akisafiri. Kwamba papa yule ni wa bahari za barafu kule kaskazini kabisa, na wataalamu wanakisia anaweza kuishi miaka mia nne. Kwamba jike halizai hadi lifikishe miaka kama mia na hamsini.

"Mia na hamsini?" mama alishtuka. "Na mama yake anakaa anangoja tu?"

"Mama yake yuko zake, anaogelea."

Jibu lile lilimkaa mama rohoni siku nyingi.

*

Tangazo la kazi lilibandikwa mlangoni mwa maktaba. Makumbusho ilitaka mtu wa kuwatembeza wageni. Binti sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi aliyokuwa nayo ni kubandika vibandiko kwenye chupa za dawa ya kuoshea vyombo, chumba kizima cha watu wasiosemeshana. Aliliandika tangazo lile kwenye karatasi akalileta nyumbani. Kila mwombaji atachagua vitu viwili vya ukumbini visivyo na uhusiano, avilinganishe mbele ya watu kwa dakika kumi. Ndugu na majirani wanakaribishwa.

"Utachagua nini?" mama aliuliza, ingawa alijua.

"Pa... papa. Na pa... paini."

Mama aliweka kijiko chini. "Mwanangu, kuna vitu mia mbili mle ndani. Kuna kobe. Kuna jiwe lililoanguka toka mbinguni. Nenda na kobe na jiwe."

"Mama."

"Au basi huo mti uuite msonobari. Si ni jamaa moja? Msonobari unateleza wenyewe."

Binti akasema polepole, akipumua kati ya maneno, "Nimechoka kuzunguka maneno, mama. Kila siku napita njia ya nyuma kama mwizi. Kibao kimeandikwa paini. Nitasema paini."

Kwa wiki tatu mama alimsikia akijifunza mbele ya ukuta wa jikoni. Sentensi zilitoka, zikakwama, zikatoka. Mama alikuwa ujiani gizani, na kila ilipokwama, midomo yake mwenyewe ilicheza bila sauti.

*

Jana mchana ukumbi ulijaa watu kama arobaini. Mama alivaa gauni lake la kutokea na bado alinuka utomvu. Alikaa mstari wa pili. Mkuu wa makumbusho, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwita binti, na binti akasimama kati ya papa na gogo.

Alianza vizuri. Alikwama, ndiyo, lakini hakukimbia. Alisema mmoja huishi chini kwenye maji ya giza na mwingine juu kwenye mlima mkavu wa upepo, na kwamba baridi ndiyo iliyowafundisha wote wawili kutokuwa na haraka. Watu walikuwa kimya, kimya kizuri. Halafu akafika mahali pa swali. Akawatazama wote, akauliza, "Mnadhani nani amemzidi mwenzake umri?" Akangoja. Akajibu mwenyewe.

"Aliyemzidi mwenzake, tena kwa maelfu ya miaka, ni pa—"

Ikakwama. Midomo ikafunga. Shavu likajaa. Mama aliona macho ya mwanawe yakienda darini, aliona mtu wa mbele akianza kuangalia viatu vyake, na miaka kumi na minane ya mazoea ikamnyanyua kitini.

"Papa!" akasema.

Sauti yake, iliyozoea kushindana na mashine, ilijaa ukumbi mzima. Kumbe lile lilikuwa jibu la kosa. Papa ni mia nne. Paini ile inakaribia elfu tano.

"Sufuri, mama!" mtu akasema nyuma, kwa utani tu, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walidhani ni sehemu ya mazungumzo. Lakini mama hakusikia kicheko cha ukumbini. Alisikia kile cha mtaani, cha njoo tukuvue, na neno lililokianzisha, safari hii, limetoka kinywani mwake. Binti alimtazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu aliyekuwa anavuka mto kwa miguu yake, akanyanyuliwa mabegani katikati ya maji.

Mama akachukua mkoba wake akatoka. Hakungoja kuona yaliyofuata. Yeye aliyekuwa akiangalia kila kitu, aliyejua idadi ya ngazi na kitasa kipi kimelegea, hili moja hakuliona. Alikwenda nyumbani mbio mbio, akafunga aproni yake, akapika, akapakua, akafunika. Binti alirudi saa kumi na moja, akasema, "Shikamoo mama," akaingia chumbani, akafunga.

*

Saa tisa usiku. Mama alisogeza kigoda karibu zaidi, akaegemeza paji la uso kwenye ubao.

"Mwanangu," akanong'ona. "Najua hujalala. Kitanda chako kikilaliwa na mtu kinalia, na hakijalia." Akangoja. "Sikukusudia. Neno lilitoka lenyewe, na mdomo uliponza kichwa. Siombi ufungue. Nilitaka tu..." Alitaka kuendelea. Alikuwa na maneno ya kutosha hadi asubuhi, yote laini, yote yamepigwa msasa. Lakini ikamjia kwamba hata hapa alikuwa anaongea kwa niaba ya watu wawili. Akanyamaza.

Kisha karatasi ikapita chini ya mlango, polepole, kama ulimi wa mtoto aliyelala.

Mama aliiokota, akaisogeza kwenye taa. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa yale mazungumzo, mwandiko wa binti. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akitamka.

"Paini hii hukua kidogo sana. Mwaka ukiwa mbaya, inaweza isiongeze hata mviringo mmoja, ikakaa tu, ikangoja mwaka mwingine. Majani yake ni sindano, na sindano moja inaweza kukaa mtini miaka thelathini. Sehemu kubwa ya mti mzee imekwisha kufa, na utepe mmoja tu wa gome ndio unaopandisha maji, na utepe huo unatosha. Mti huandika umri wake shinani. Papa hana mfupa hata mmoja, kwa hiyo hana pa kuandika. Wataalamu wamelazimika kuusoma umri wake ndani ya jicho. Watu hudhani aliyenyamaza amesahau, au hajui. Mmoja wa hawa amenyamaza miaka mia nne na mwingine karibu elfu tano, na kila mwaka wao upo, haujapotea, umehifadhiwa mahali ambapo mwenye haraka hatazami."

Pembeni, kwenye neno paini, palikuwa na mstari wa penseli na maandishi madogo: *Hapa mama alitoka. Nikaanza upya.*

Akaisoma mara ya pili. Akaisoma mara ya tatu, kidole kikisimama pale pale. Nikaanza upya. Kwa hiyo alibaki pale mbele. Kwa hiyo alimaliza. Mtu yeyote mle ukumbini angeweza kumsimulia jambo hilo, isipokuwa mama yake mzazi.

Aliikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa aproni, pamoja na ngozi ya baba. Akaegemea mlango. Na usingizi, ambao ulikuwa umemzunguka tangu jioni kama paka, ukampanda mapajani.

Ujia ulianza kujaa maji. Hayakuwa maji ya kutisha. Yalipanda bila sauti, ya baridi, ya rangi ya chupa, yakafunika kigoda, yakafunika saa ya ukutani, na saa ikaendelea kugonga ndani ya maji, pigo moja kila baada ya muda mrefu. Kutoka upande wa jikoni akaja yule mkubwa wa baharini. Alipita pembeni yake, mrefu, wa rangi ya jivu, bila kupiga mkia, kama mtu anayekwenda zake kazini na kazi yenyewe haina saa ya kuingia. Jicho lake lilikuwa na ukungu. Mama akanyoosha mkono akampapasa, kutoka kichwani kwenda mkiani, na ngozi ikateleza, ikateleza, haikwishi, alipapasa miaka mia moja na mkia ulikuwa bado mbali. Na mlango nao ukakumbuka kwamba uliwahi kuwa mti. Kifundo kikafumbuka. Miviringo ikaanza kutoka pale kwenye jicho, mmoja, halafu mwingine, ikienda taratibu hadi kwenye fremu, na ndani yake kabisa, kwenye mviringo wa kwanza, mtoto wa miaka minne alikuwa amefungua mdomo kutaka kusema jambo. Mama akajua neno. Akalishika kwenye meno. Papa akageuka akamtazama kwa jicho lile la ukungu, na hakusema kitu, maana yeye hakuwa na haraka.

"Umelala hapo hapo?"

Mumewe alikuwa amesimama juu yake, kofia ya kazi mkononi. Saa kumi.

"Sikulala."

"Una alama ya ubao shavuni."

Mama alijipangusa. "Alimaliza. Jana. Alimaliza kusema yote."

"Nilijua."

"Ulijuaje na hukuwepo?"

"Alirudi anatembea pole pole. Mtu aliyeshindwa anarudi mbio." Akamtazama kwa pembe ya jicho, maana wote wawili walijua nani alirudi mbio. Kisha akainama kufunga kamba za viatu. "Mkate, ukifungua tanuri kila dakika kuuchungulia, unakaa chini. Miaka thelathini nakuambia hivyo, unadhani naongea habari za mkate."

"Mwanangu si mkate."

"Ni kweli. Mkate hauwezi kufunga mlango kwa ndani." Akambusu juu ya kitambaa cha kichwa, akatoka, na harufu yake ya hamira ikabaki ujiani.

*

Kukapambazuka. Mama hakwenda karakanani. Alimtumia fundi mkuu ujumbe kwamba atachelewa, na fundi mkuu akajibu, *Mlango gani tena huo unaokusumbua*, na mama akashangaa jinsi mtu anavyoweza kupatia bila kujua.

Ilipofika saa mbili kasoro dakika kumi, simu ikalia ndani.

Ikalia mara moja. Mama alikuwa amesimama tayari. Ikalia mara ya pili, na mkono wake ukawa juu ya kitasa, wenyewe, kama mkono wa mwingine. Haloo, mimi mama yake. Maneno yalikuwa yamejipanga. Ikalia mara ya tatu. Akautoa mkono pale kwenye kitasa, akauingiza mfukoni, akaibana ile ngozi. Kwa kubana hovyo aliishika kinyume, ikamkwaruza, akaigeuza, ikalala. Mara ya nne. Mara ya tano.

Mlio ukakatika.

"Ha... haloo." Kimya. "Ndi... ndiyo. Ni mimi mwenyewe."

Halafu muda mrefu ambao anayeongea alikuwa wa upande wa pili. Mama alisikia kitanda kikilia, yaani binti amekaa. Alisikia, "Ndiyo." Alisikia tena, "Ndiyo, nimeelewa." Mwishoni akasikia, "Asante. Asante sana," na asante ile haikumsaidia kitu, kwani mtoto waliyemlea huyu humshukuru hata anayemnyima.

Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Sasa walikuwa pande mbili za ubao mmoja, na jicho la kifundo katikati.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Nime—"

Mama akavuta pumzi.

"Nimepa—"

Ikakwama.

Alilijua lile neno. Mtoto mchanga angelijua. Lilibaki silabi moja tu, nyepesi, ya ncha ya ulimi, na lilikuwa limesimama nyuma ya meno yake mwenyewe, limevaa viatu. Midomo ya mwanawe hakuiona, kwa sababu ya mlango, na labda huo ulikuwa msaada. Kwenye kifundo tone jipya la utomvu lilikuwa limeanza kujikusanya. Aliliangalia. Lilijaa, likawa zito, likawa na mwanga wa asubuhi ndani yake, na bado halikudondoka. Mahali fulani chini ya barafu yule mkubwa alikuwa anapita. Papa, mama akajisahihisha moyoni. Papa alikuwa anapita. Mahali fulani mlimani mti ulikuwa unafikiria kama mwaka huu uongeze mviringo au uache. Hakuna aliyewasukuma.

"Pa—" ikasema sauti ya ndani, ikapumzika, ikapumua. Haikuwa na woga. Ilikuwa inatembea tu. "Nimepa—"

Mama akangoja. Tone likaachia, likateremka polepole juu ya ubao alioulainisha kwa mkono wake.

"—ta," akasema binti.

Kitasa kikageuka, na mlango ukafunguka.